Saini chini ya majani

"Nani atie saini kabla ya kuchora?"

Tangu Jumanne maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa changu. Bosi aliyasema bila kuinua macho. Mezani kulikuwa na kanvasi ya maua yaliyobanana, inayodaiwa kuwa ya Séraphine Louis, mchoraji wa mji wa Senlis, Ufaransa. Jina "S. Louis" limechimbwa kwa ncha ya kisu, lakini kijani cha jani kimepanda juu ya L. Kwake ilitosha: picha imechezewa. "Halafu alikuwa mfanyakazi wa ndani," akaongeza.

Nikajibu, "Sawa, bosi." Sawa ya nini?

Jibu lilinijia usiku, kama kawaida yangu. Séraphine kuna picha anazoonekana kuzitia saini kwanza, akachora baadaye. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama rangi ilikuwa mbichi au kavu kisu kilipopita. Laza taa ubavuni, karibu iguse kanvasi. Rangi mbichi husukumwa ikatuna pembeni, kingo laini. Kavu humeguka, na kwenye hadubini utaona herufi imekata nyufa za zamani katikati. Ya kwetu imetuna. Nimeitazama mara tatu.

Kingo laini hazisemi ni mkono wake, zinamnyima bosi sababu yake tu. Rangi ndiyo ngumu zaidi. Séraphine alijifunza kuchora mwenyewe, akatumia Ripolin, rangi ya kopo ya milango na kuta, akachanganya na vitu ambavyo hakumtajia mtu. Mchanganyiko wa ajabu kwake si kosa. Kosa ni buluu ya fthalosianini, rangi ya kiwandani iliyoingia sokoni 1935, wakati yeye aliacha kuchora alipolazwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Clermont mwaka 1932. Ikikutwa tabaka la chini, kwisha habari. Ila usichukue chembe palipokarabatiwa, utapima rangi ya fundi wa juzi. Washa kwanza taa ya urujuanimno. Viraka hivyo mara nyingi hutokea kama madoa meusi. Chembe isizidi kichwa cha pini, itoke ukingoni panapofichwa na fremu.

"Alikuwa mfanyakazi wa ndani." Leo asubuhi, nikipiga mswaki, nikacheka peke yangu. Mwaka 1912 Wilhelm Uhde, mnunuzi wa picha Mjerumani, aliona picha ya matofaa kwa jirani zake Senlis, akauliza kaichora nani. Kumbe ni mama anayemfagilia nyumba yeye mwenyewe! Na hata baada ya kumjua, Uhde aliandika kwamba Séraphine alifariki 1934. Alifariki 1942.

Kesho nitamwomba bosi alaze taa mwenyewe. Sitasema kitu, nitashika waya tu.