Kipimo cha tangi la maji: tageti mbili, bodi moja

Jana nilishusha bodi kutoka kwenye mnara wa tangi kwa mara ya pili wiki hii, na safari hii nimejua tatizo liko wapi. Si betri, si sensa. Ni faili langu la platformio.ini, lenye mipangilio ya PlatformIO, programu ninayotumia kujenga msimbo na kuupakia kwenye bodi.

Kwa mliojiunga karibuni: ni ESP32, bodi ndogo yenye WiFi, na sensa ya umbali ya JSN-SR04T, ile isiyoingiza maji. Zinapima maji yamefika wapi kwenye tangi la lita 2,000 na kuleta kipimo nyumbani kwa WiFi. Msimbo ni mmoja, tageti (matoleo yanayojengwa kutokana nao) ni mbili. [env:kweli] inaamka kila dakika 15, inapima, inatuma, inarudi kulala. [env:jaribio] hailali kabisa. Inapima kila sekunde na kumwaga namba kwenye laptopu. Kinachozitenganisha ni mstari mmoja tu, build_flags = -D JARIBIO, na msimbo unaukagua kwa #ifdef.

Jumanne niliandika pio run -t upload, amri ya kujenga msimbo na kuupakia kwenye bodi, nikaona SUCCESS ya kijani, nikafunga boksi na kupanda ngazi. Kesho yake jioni betri ya 18650 ilikuwa imekwisha. Nikadhani imechoka, nikaweka nyingine. Nayo ikaisha vilevile.

Jana usiku nikarudia amri ileile, ila nikakaa nasoma terminali mstari kwa mstari. Asilimia zikapanda hadi 100, bodi ikajiwasha upya, halafu zikaanza tena mwanzo! Chini kabisa likaja jedwali: kweli SUCCESS, jaribio SUCCESS. Kumbe usipotaja tageti, PlatformIO inazijenga zote kwa jinsi zilivyopangwa kwenye faili, na ukiweka -t upload inazipakia zote. Ya pili ilikuwa inaifuta ya kwanza. Kule mnarani nilikuwa napeleka jaribio, WiFi inawaka usiku kucha.

Nimeongeza [platformio] juu ya faili, na chini yake default_envs = jaribio, yaani nisipotaja tageti, ijengwe hiyo tu. Jaribio kwa makusudi, maana ndiyo ninayoshinda nayo mezani. Ya mnarani lazima niitaje mwenyewe: pio run -e kweli -t upload. Tena jaribio sasa inawasha taa ya bluu ya bodi, pini ya 2, muda wote. Taa ikiwaka, boksi halifungwi.

Leo saa kumi na moja jioni bodi imepanda tena, betri ikisoma volti 4.15, taa imezima. Kipimo cha kwanza: sentimita 62 kutoka kwenye sensa hadi kwenye maji. Cha pili kimeingia saa kumi na moja na robo.