Tangazo la ubaoni lililookoa tasnifu yangu

Tangazo lilikaa karibu mwezi mzima mlangoni mwa maktaba ya chuo chetu, pale tunapoacha mabegi: "Rasilimali mpya za kielektroniki. Mafunzo Jumatano saa nane mchana." Nilikuwa nalipita tu. Kwangu maktaba ilikuwa meza, feni na soketi ya kuchajia simu.

Wakati huo tasnifu yangu ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye muhogo ilikuwa imekwama sura ya pili. Kila makala niliyoifungua ilinipa muhtasari, na chini yake bei kwa dola. Msimamizi akanirudishia rasimu na swali la wino mwekundu pembeni: "Vyanzo vya karibuni viko wapi?"

Jumatano nikaenda. Tulikuwa wanne tu. Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani shingoni, alinitazama ninavyotafuta, akacheka. "Mwanangu, unabisha hodi mlango usio wako."

Kumbe ukiingia moja kwa moja kwenye tovuti ya jarida, unaombwa hela. Chuo kikiwa kimesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo, unaanzia kwenye ukurasa wao kwa jina na nywila za chuo, ndipo jarida lilelile linakufungulia. Upande wa kilimo unaitwa AGORA, uko chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, tangu 2003. Nikajaribu makala iliyonikatalia mara tatu. PDF ikashuka, nami nikajiona mjinga.

Akanionyesha na jambo dogo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha: jina zima la ugonjwa, kwa Kiingereza, liwekwe ndani ya alama za kunukuu. Mimi nilikuwa naandika "muhogo" kwa Kiingereza basi, napata maelfu ya makala, nyingine za wanga na biskuti. Na akatuonya tusirushe nywila kwenye magrupu ya WhatsApp, maana tunaweza kufungiwa chuo kizima.

Lililobaki halikuwa la kompyuta. Kila anayeandika kuhusu ugonjwa huu humtaja Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyeueleza mwaka 1936 akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Nami nilikuwa nimemtaja, kwa kunakili kutoka kwa wenzangu bila kumsoma (najua siko peke yangu). Mama yule akanipeleka stoo ya nyuma, akashusha jalada la East African Agricultural Journal, uti wake umeachia, vumbi likatupanda puani. Makala yenyewe kurasa sita. Kutoa fotokopi akakataa, jalada lisingestahimili kubanwa, hivyo nikalipeleka dirishani nikapiga picha kwa simu, ukurasa mmoja mmoja.

Rasimu iliyofuata ilirudi na wino mwekundu mahali pamoja tu kwenye sura ya pili, penye jina la Storey: "Hii umeisoma kweli?" Nikamtumia msimamizi picha ya ukurasa wa kwanza, kidole gumba changu kikionekana pembeni.