Usingizi unaanzia miguuni, hasa kama upo Mbeya mwezi wa saba

Jamani baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba sio mchezo. Watu wa Dar mkija mnatucheka tunavyotembea na masweta mawili, jioni ikifika ndo mnaanza kuulizia blanketi la ziada. Sasa kwenye msimu huu kuna lalamiko moja nalisikia kila kona, mtu anapanda kitandani saa nne kachoka hoi halafu mpaka saa sita macho makavu, anajigeuza huku na huku kama chapati. Mimi swali langu la kwanza huwa ni moja tu, miguu yako ya moto au ya baridi? Tujibu hilo kwanza kabla hujaenda duka la dawa kuomba vidonge.

Iko hivi. Ili mwili uingie usingizini, joto la ndani inabidi lishuke kidogo, na njia kubwa ya kulitoa ni viganja na nyayo. Mishipa ya damu inatanuka, damu ya moto inakuja karibu na ngozi, joto linatoka. Miguu ikiwa ya baridi mishipa inajibana na joto linabaki ndani. Watafiti wa Basel kule Uswisi waliandika kwenye jarida la Nature mwaka 1999 kwamba kati ya vitu walivyopima mwilini, kutanuka kwa mishipa ya mikono na miguu ndo kulionyesha vizuri zaidi nani atawahi kusinzia. Kwa hiyo beseni la maji ya moto sio mambo ya wazee tu.

Maji yawe kama nyuzi 40 hivi, kama huna kipimo tumbukiza kiwiko, ukisikia joto zuri lisilokufanya uruke basi hayo hayo. Weka beseni sebuleni saa moja au mbili kabla ya kulala, tumbukiza miguu mpaka juu kidogo ya vifundo, jifunike kitenge magotini, dakika kumi na kitu zinatosha. Birika liwe pembeni la kuongezea, ila toa miguu kwanza ndo umimine, usijiunguze. Ukimaliza futa mpaka katikati ya vidole maana miguu mibichi inapoa haraka kuliko ulivyoanza, halafu soksi, zile pana za mtumba zisizobana.

Na hapa niseme kwa ukali kidogo. Jiko la mkaa halilali na watu chumbani. Najua wapo wanaoliingiza ndani wanafunga madirisha ili chumba kipate joto, aisee ule mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na mtu aliyelala hata hajui kinachoendelea. Familia nzima inaweza isiamke. Ota moto nje au jikoni palipo wazi, ukitosheka jiko libaki huko huko.

Haya, miguu imepata moto, umelala chali, sasa inakuja ile ninayoipenda kuliko zote, ya kukaza na kulegeza misuli. Ilianzishwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, karibu miaka mia iliyopita, hoja yake ilikuwa kwamba mwili uliolegea kabisa hauwezi kubeba wasiwasi. Unaanza na nyayo, kunja vidole kwa nguvu, hesabu taratibu mpaka tano, achia ghafla, halafu tulia kama nusu dakika usikilize ile hali ya uzito inavyoingia, hapo kwenye kusikiliza ndo penyewe na ndo wengi wanaparuka. Panda kwenye mashavu ya miguu (kama huwa unabanwa na misuli usiku hapa kaza kidogo tu), mapaja, tumbo, ngumi, mabega uyapandishe mpaka karibu na masikio, mwisho uso wote uukunje kama umelamba ndimu. Mabega ndo yatakushangaza, mtu kashinda sokoni Mwanjelwa siku nzima hajui kwamba mpaka usiku bado kayapandisha. Wengi hawafiki usoni, wanapotelea tumboni huko.

Kuna ya pumzi pia, ile maarufu ya kuvuta kwa nne, kushikilia kwa saba, kutoa kwa nane. Mimi hiyo saba inanikaba naona kama napiga mbizi, kwa hiyo naiacha, navuta kawaida kwa pua natoa polepole kwa muda mrefu kuliko niliovutia. Mapigo ya moyo yanapungua kasi ukiwa unatoa pumzi.

Kama kinachokukesha ni mawazo, ada, mbolea, rejesho la kikoba Alhamisi, yaandike. Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, walitoa utafiti mwaka 2018, waliotumia dakika tano kuandika mambo ya kufanya kesho waliwahi kulala kama dakika tisa kuliko walioandika waliyokwisha yamaliza. Andika kwenye karatasi, maana ukishika simu utaishia kwenye status za watu.

Wifi yangu wa Tukuyu anabisha kwamba chai ya usiku haimfanyi kitu. Sawa wifi, lakini kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu, kikombe cha saa moja jioni saa sita usiku nusu yake bado ipo, na nyie chai yenu mnaikoleza.

Ukifanya yote na ukahisi kama dakika ishirini zimepita (usiangalie saa, kadiria tu), toka kitandani. Najua kwa baridi hii ni adhabu, ndo maana mimi huwa naacha blanketi kwenye kiti sebuleni kabisa. Kaa hapo, taa hafifu, ushone au usome kitu kisicho na utamu sana, huku malori ya Tunduma yakishusha gia zao huko barabarani, na ukianza kusinzia rudi. Kitanda kikizoea kwamba ni mahali pa kukodoa macho, kukizoesha vingine kunachukua muda.