Yule Mdogo Anayeomba Uji

Jumapili usiku, Umoja. Mvua haijakatika tangu magharibi, stima zimepotea mara mbili, na dada yangu amelala. Amenikubalia niandike, mradi nisitaje jina lake.

Ni binti wa mama mdogo, tunaishi pamoja mwaka wa nne huu. Mwanzoni nilidhani ananidanganya. Leo tunazungumza jambo saa nzima, kesho anaapa hatujawahi kulizungumza. Ananunua viatu, kisha ananiuliza ni vya nani. Halafu usiku mmoja nikamkuta amejikunja nyuma ya mlango, akilia kwa sauti ya mtoto wa chekechea.

Nyumbani walisema ni mapepo. Tukampeleka kesha, akakemewa hadi alfajiri, na yule mtoto akazidi kujificha. Niliimba pamoja nao. Hilo bado linaniuma. Hospitali ya kwanza waliposikia kwamba anasikia sauti kichwani, walimwandikia dawa za skizofrenia. Alishinda amelala tu.

Daktari wa sasa, mama mpole, ndiye aliyeupa ugonjwa jina: nafsi zilizogawanyika. Zamani uliitwa haiba nyingi, hadi madaktari wa akili wa Marekani walipolibadilisha jina hilo mwaka 1994. Dada hana watu wengi ndani yake, aliniambia. Ni mtu mmoja ambaye vipande vyake havikupata nafasi ya kuungana.

Maneno yake yamenikaa wiki nzima. Hatuzaliwi na nafsi iliyokwisha kushonwa. Mtoto mchanga ni njaa, ni kicheko, ni hofu, kila kimoja kwa wakati wake, na mikono inayombembeleza ndiyo huviunganisha, polepole, kwa miaka. Mtoto akiogopa hukimbilia kwa mlezi. Sasa anayemwogopesha akiwa ndiye mlezi, akimbilie wapi? Miguu haiwezi kumtoa, basi akili humtoa. Sehemu moja hubaki na maumivu. Nyingine huamka asubuhi, ikavaa sare, ikaenda shule bila kukumbuka lolote. Miongoni mwa wagonjwa wa Marekani, Kanada na Ulaya, takriban 90% wameeleza kudhulumiwa au kutelekezwa utotoni.

Wapo wataalamu wanaobisha, wakisema filamu na maswali ya tabibu hupandikiza dalili. Mimi nilimwona nyuma ya ule mlango kabla yeyote kwetu hajausikia ugonjwa huu.

Hakuna kidonge cha kuuponya. Ni mazungumzo, pengine ya miaka: kwanza ajione salama, kumbukumbu baadaye.

Jana jioni yule mdogo alijitokeza, akaomba uji. Nikampikia wa wimbi. Akanywa ameketi sakafuni, nami nikaketi kando yake. Akauliza kama mlango umefungwa. Nikainuka, nikamwonyesha komeo.