Macho yanamwaga machozi halafu unaambiwa ni makavu

Tangu nifanyiwe leza ya macho Dar, watu wa huku Mtwara wakikutana na mimi wana swali moja tu, vipi sasa, unaona? Naona jamani, naona vizuri mno, nikikaa barazani Mikindani nazisoma hadi namba za boti bila miwani. Kuhusu machozi hakuna anayeuliza, na shida yangu yote iko huko.

Kwanza wengi hawaamini kabisa kama jicho linaweza kukauka, maana wakiniangalia wanaona natiririka machozi kama nimefiwa, hasa nikishuka kwenye bodaboda. Mama mpaka leo ananiambia "mwanangu we huna ukavu, we una mafua ya macho, nawa na maji ya chumvi". Mama samahani, chumvi ya jikoni siitii machoni.

Ipo hivi. Kwenye operesheni niliyofanyiwa mimi, LASIK, wanakata tabaka jembamba la konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, wanalifunua, leza inachonga chini yake halafu wanalirudishia. Sasa konea imejaa mishipa midogo midogo ya fahamu, ndo maana kapunje kamoja ka mchanga kanakutoa roho, na ile mishipa ndo inayopeleka taarifa kwamba huku kumekauka, leta machozi, pepesa. Ukikata tabaka na mishipa inakatika. Taarifa haziendi vizuri, machozi yanapungua, hata kupepesa unapepesa kidogo bila kujijua. Mishipa inaota tena taratibu, wengi wanapata nafuu ndani ya miezi 6 mpaka mwaka, ila wapo wanaochelewa zaidi ya hapo na wapo wachache ukavu unabaki nao.

Na haya machozi yanayomwagika? Ni ya dharura tu. Machozi ya kawaida sio maji matupu, yana ute unaoyashikisha kwenye jicho na mafuta juu yake yanayozuia yasikauke haraka, mafuta yenyewe yanatoka kwenye vitundu vidogo pembeni mwa kope. Jicho likishaumia kwa ukavu linafungulia maji mengi kwa mkupuo, yanashuka shavuni, ndani unabaki mkavu vilevile.

Walinipima kwa kikaratasi chembamba chenye alama za milimita, ncha yake wanaikunja wanaichomeka ndani ya kope la chini, unafumba macho dakika 5. Linakera lile karatasi we acha. Mtu mzima machozi yanatakiwa yapande angalau milimita 10 hivi, langu liliishia chini ya 5, daktari akalishika juu akanionesha pale rangi ya unyevu ilipokomea, nikabaki nalitazama tu.

Sasa rudi na macho hayo kusini. Upepo wa kusi ukianza unapiga usoni siku nzima, na usafiri ndo hizo bodaboda, kwahiyo natembea na miwani ya jua mikubwa, watu wanasema mwenzetu kaenda Dar karudi staa. Joto nalo huwezi kulala bila feni, lakini ukilielekeza usoni asubuhi kope limeganda kwenye jicho, unafungua unahisi kama linachanika, sasa hivi feni linapuliza miguu. Na msimu wa salfa ndo kabisa! Wasiojua, mikorosho yetu inapuliziwa unga wa salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa fangasi wa mikorosho, pampu ikiwashwa shamba zima linakuwa na ukungu wa njano, hata mwenye macho mazima analia.

Kinachonisaidia ni machozi ya bandia, yale ya vichupa vidogo vya kutumia mara moja na kutupa, maana hayana dawa ya kuhifadhi. Ya chupa kubwa mengi yanayo, na ukitia mara nyingi kwa siku ile dawa yenyewe inalichubua jicho. Usiku natia ya jeli, inatia ukungu lakini unalala. Kitambaa cha maji ya moto ya wastani juu ya kope nacho kinalainisha yale mafuta. Na Ramadhani nilimuuliza shehe wetu, akasema jicho sio njia ya kwenda tumboni, tia dawa yako ufunge.

Tena hapa nakuwa mkali kidogo, usiende duka la dawa ukasema "nipe ya macho mekundu". Unaweza kupewa yenye steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu, unapata raha siku mbili tatu unaona umepona, kumbe ukizoea kuitia bila daktari inapandisha presha ya jicho, na presha hiyo ikiua mshipa wa kuonea haurudi. Unatoka kutafuta machozi unaishia glakoma.

Kwa hiyo shemeji zangu mnaoniuliza bei na basi la kwenda Dar, mi siwakatazi, kwa miwani niliyokuwa navaa mimi ningefanya tena. Ila kabla hujalipa waambie wakupime machozi kwanza, na kama macho yako yanawasha na kukauka tangu zamani sema, wengine wanashauriwa watibiwe ukavu kwanza au wafanyiwe njia isiyokata lile tabaka. Mimi mjomba ameshanipiga marufuku shambani mpaka salfa iishe, anasema korosho nitaletewa nyumbani, tutaona kama atakumbuka.