Tulipoishia mstari wa 19

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili sikulala vizuri. Jumatatu asubuhi uliingia ujumbe wa sauti kwenye kundi letu, mtu analia, anamtuhumu mwimbaji mmoja wa injili. Niseme ukweli, nyimbo zake sijawahi kuzipenda. Chai haijapoa, nimeshaurusha kwenye makundi matatu. Sikumuuliza mtu chochote.

Jioni nafungua daftari la zamani nitafute somo la Jumapili, nakuta kurasa nne za wino wa bluu: maneno ya Ravi Zacharias, yule mhubiri na mtetezi wa imani ya Kikristo. Mnamkumbuka. Mwanamke wa Canada alipomlalamikia, mwaka 2017 Ravi aliwashtaki yeye na mumewe, wakamalizana nje ya mahakama kwa sharti la kunyamaza. Dada mmoja wa ushirika wetu akaileta habari ile kundini. Nikamjibu kwa mstari wa Zaburi, kwa herufi kubwa: MSIWAGUSE MASIHI WANGU. Hakuandika tena.

Ravi akafariki Mei 2020. Februari 2021 huduma yake yenyewe ikatoa ripoti ya mawakili iliowaajiri: alikuwa amewadhalilisha wanawake kingono, wakiwemo waliokuwa wakimkanda mgongo.

Katika 1 Timotheo 5 Paulo anamwambia Timotheo asipokee mashtaka juu ya mzee wa kanisa ila kwa mashahidi wawili au watatu. Huo mstari wa 19 tunaujua kwa moyo mtuhumiwa akiwa wetu. Wa 20, kuwakemea wadumuo katika dhambi mbele ya wote, tunawawekea wa kanisa la jirani. Na wa 21? Mbele za Mungu na malaika wateule anamwagiza asihukumu kwa haraka, asifanye lolote kwa upendeleo.

Mpendwa, hebu tuambiane. Shahidi wa pili atatoka wapi kama wa kwanza tumemziba mdomo kwa Zaburi? Binti anatetemeka kusema, nasi tunamuuliza alivaa nini, tunaitisha maombi ya kumfunika mtumishi! Halafu asiye wetu tunamzika kwa sauti ya dakika mbili, hata jina la anayelia hatulijui. Mzee anayefanya yote mawili ni mmoja, na ndiye anayewaandikia.

Nimeomba radhi kwenye makundi yote matatu. Ujumbe ulishapelekwa mbele. Jumatano nikampigia dada yule. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na lile daftari, kaka, utalichoma?"

Bado liko mezani.