Hi-Fi Rush: nilivyoacha kutazama marungu nikaanza kusikiliza

Siku za mwanzo nilicheza Hi-Fi Rush kama ninavyocheza gemu nyingine za mapigano: natwanga vitufe, nakwepa, natwanga tena. Gemu hii ya studio ya Tango Gameworks, iliyotoka Januari 25, 2023, siku ileile ilipotangazwa, inataka upigane kwa kufuata mdundo wa muziki, ila inakuvumilia sana. Chai, kijana unayemwendesha, hupiga juu ya mdundo hata kama wewe umebonyeza nje ya mdundo. Kwa hiyo maadui wanaanguka, unasonga mbele, na unadhani umeshaiweza. Kumbe alama za mwisho wa pambano zinakusema: nilikuwa napata C na D, na asilimia ya kwenda na mdundo ilikuwa chini mno.

Kisha nikakutana na Korsica, mkuu wa usalama wa Vandelay, kampuni ambayo Chai anapambana nayo, na marungu yake mawili. Pale kutwanga hakusaidii, kwa sababu sehemu kubwa ya pambano lake inataka upangue mapigo yake, moja baada ya jingine, kwa wakati wake. Nilikufa mara nyingi hadi nikaacha kuhesabu.

Kosa la kwanza nililoligundua halikuhusu vidole vyangu. Nilikuwa nasikiliza kwa hedifoni zisizo na waya, na hizo huchelewesha sauti. Mdundo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde tu kati ya pigo na pigo. Sauti ikichelewa hata sehemu mbili za kumi za sekunde, karibu nusu ya nafasi hiyo imeshaliwa. Nikachomeka hedifoni za waya, nikaiwasha televisheni kwenye hali ya gemu, kisha nikaingia kwenye mipangilio na kurekebisha uchelewaji wa sauti na picha. Kama unacheza gemu yoyote ya mdundo na unajiona huna sikio la muziki, anzia hapo kabla ya kujilaumu.

Baada ya hapo nikarudi nyuma kujifunza kuhesabu. Pigo jepesi linachukua mdundo mmoja, zito linachukua miwili. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma tu, mwili haukulijua. Nikawa nasema kwa mdomo: ta, ta, taa. Kuna mifululizo ya mapigo inayotaka utulie mdundo mmoja katikati kabla ya kuendelea, na hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko yote, maana kidole kikizoea kubonyeza hakitaki kungoja. Nilitumia kile kipimo cha mdundo kinachoonekana chini ya skrini kwa siku kadhaa, halafu nikakizima. Sikukihitaji: paka 808 anadunda kando ya Chai, na hata mandhari yenyewe inacheza na muziki.

Lakini kilichonifungua hasa ni kuelewa namna ya kupangua katika yale mashambulizi ya mfululizo. Adui kwanza anakuonyesha mpangilio wa mapigo yake kwa ishara na sauti, kisha anakuja kukupiga kwa mpangilio uleule. Yaani yeye anaanzisha, wewe unaitikia. Nilipoliona hivyo, niliacha kabisa kufuatisha marungu ya Korsica kwa macho, kwa sababu macho yalinifanya niwahi. Nikawa nasikiliza zamu yake, naishika kichwani kama kipande cha wimbo, halafu naijibu kwa kitufe huku mguu ukigonga sakafu. Jaribio la kwanza kwa njia hiyo nilipangua mfululizo mzima bila kukosa hata pigo moja, na nilisimamisha gemu nipumue, mikono inatetemeka. Jaribio la tatu nikamshinda.

Sasa narudia hatua za mwanzo kutafuta S, alama ya juu kabisa, na tatizo langu limehama. Ni kuwaita wenzake Chai katikati ya mfululizo: Peppermint wa kuvunja ngao, Macaron wa kubomoa deraya. Nikimwita mmoja wao akili inaenda kwenye kumchagua, na hesabu inanipotea. Jana nimeanza kumwita kwenye ule mdundo wa kutulia, pale ambapo kidole hakina kazi, na kwa mara ya kwanza mfululizo wangu haukukatika.